Safu ya Ushauri: Nimepewa kufundisha magonjwa ya akili, darasa zima likacheka

Shangazi, assalamu alaikum.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Biolojia katika shule moja ya sekondari ya kaunti ya Lamu, shule ya mchanganyiko yenye wanafunzi wa kutwa na wa bweni. Mwaka huu nilikabidhiwa idara ya ushauri nasaha baada ya aliyekuwa nayo kuhamishwa. Mafunzo yangu ya kazi hiyo ni semina tu.

Muhula uliopita, usiku mmoja, msichana wa bweni alianza kupiga mayowe na kujitupa. Wenzake wakasema amepandisha majini. Kabla ya alfajiri wengine kadhaa nao walikuwa chini, wanalia, miguu haiwasimami. Wazazi walikuja, ustadh akaja, maji ya kusomewa yakaletwa, na siku ya pili kukatulia. Mkuu wa shule baada ya hapo akaamua Kidato cha Tatu wafundishwe juu ya magonjwa ya akili, vipindi vinne, na kazi akanipa mimi.

Kipindi cha kwanza nilikwenda kama niendavyo kwenye Biolojia. Niliandika ubaoni: skizofrenia (ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo), baipola (ya furaha na huzuni kupita kiasi kwa zamu), sonona (ya huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi uliozidi, nikaweka dalili chini ya kila moja. Wakaanza kunyoosheana vidole. “Mwalimu, huyu hapa baipola!” Kuna kijana mmoja ami yake ni mgonjwa wa miaka mingi, hushinda akizunguka pwani pale mjini, kutoka Mkunguni mpaka Langoni, akizungumza peke yake. Tangu siku hiyo kijana huyo jina lake ni “Skizo”. Amehama dawati, sasa hukaa nyuma kabisa, na haulizi tena maswali, naye alikuwa mwulizaji mkubwa.

Mama mmoja alinipigia simu amekasirika. Anasema binti yake tangu kipindi kile hujiita mgonjwa, akiambiwa aoshe vyombo anasema ana sonona. “Mwalimu, wazimu haufundishwi. Ukiutaja, unauita.”

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Nilipokusanya madaftari nilikuta ndani ya moja karatasi iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa: “Mwalimu, mtu akisikia anaitwa jina lake na hakuna aliyemwita, huo ni wazimu? Mama amesema nisimwambie mtu, tutakwenda kwa mtu likizo.” Haina jina, lakini hati naijua, nasahihisha kazi zake kila wiki. Ni binti wa kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, mpole, wa bweni.

Nifanye nini? Niendelee na vipindi vilivyobaki au nimwambie mkuu wa shule kazi hii siiwezi? Na huyu binti nimwambie nini, na mama yake je?

Mwalimu wa Biolojia, Lamu

SHANGAZI ANAJIBU

Wa alaikumu salaam, mwanangu.

Nianze na karatasi, kwa sababu mengine yanaweza kungoja wiki ijayo. Hilo halingoji.

Swali lenyewe lina majibu mawili na binti anastahili kuyapata yote. Kusikia jina lako likiitwa wakati usingizi unakuchukua, au unapozinduka alfajiri, ni jambo linalowatokea watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Aliyefiwa pia anaweza kumsikia marehemu akimwita, na huo si wazimu, ni msiba. Sauti ya kumpeleka mtu kwa daktari ni ile inayomjia yuko macho mchana, inayorudi siku baada ya siku, inayomsema vibaya au kumwamrisha, huku naye amejitenga na wenzake, hapati usingizi, anawashuku hata watu wa nyumbani kwao. Na hata hapo usikimbilie jina la ugonjwa wa akili. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aone na asikie yasiyokuwepo. Kifafa pia. Bangi pia. Daktari huanza kwa kuyaondoa hayo kabla hajasema lingine.

Sasa namna ya kumwendea. Usimwite mbele ya darasa, wala usimwonyeshe karatasi ukasema “hii ni yako?” Mwagize akuletee madaftari ofisini, saa ambayo ofisi haina watu, umpe kiti. Mwambie: “Kuna mtu aliniuliza swali zuri kwa karatasi. Nimefurahi ameuliza. Wewe wajionaje siku hizi, walala vizuri?” Halafu nyamaza. Walimu hatujui kunyamaza, tunajaza. Mwache akae na swali hata dakika nzima.

Akifunguka, muulize mambo ya kawaida kwanza: analala saa ngapi, anakula, sauti huja wakati gani, inasema nini. Kisha muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Najua swali hilo linatisha kulitamka. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Wataalamu wamelichunguza jambo hili mara nyingi, na aliye nalo mara nyingi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu ameuliza. Akisema ndiyo, basi siku hiyohiyo asiachwe peke yake, mkuu wa shule aambiwe, na aende hospitali kabla ya jua kutua.

Na kabla hajakwambia lolote, usimwahidi siri. Mwambie hivi: “Haya utakayoniambia sitayapeleka staffroom wala bwenini. Lakini nikiona uko hatarini nitamwambia mtu wa kukusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kwamba nitamwambia.” Mtoto aliyeahidiwa siri kisha siri ikatoka hatasema tena na mtu mzima yeyote, hata akiwa na miaka arubaini.

Mama yake. Hapa ndipo walimu wengi huharibu, kwa sababu huingia na maneno ya “ushirikina” na “ujinga”, na mlango unafungwa. Mama wa Kizingitini aliyesikia mtoto anaitwa na asiyeonekana, aliyoyafikiria ndiyo yale aliyoyafikiria mamake na nyanyake. Hakumtupa mtoto, amepanga nauli na siku ya kumpeleka anakojua. Mpigie simu, msalimie kwa kituo, umuulize hali ya nyumbani, kisha umwambie kwamba mtoto hapati usingizi na wewe kama mwalimu ungependa apimwe malaria na kichwa kabla ya likizo. Usimwombe aache kisomo wala kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Dua na dawa hazigombani, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tutafute tiba. Lenye kugombewa ni moja tu: mtoto asifungwe, asipigwe, asichomwe, asinyimwe chakula kwa jina la kumtoa jini, na asiachishwe dawa ya hospitali akipewa. Hapo usilegeze hata kidogo.

Ukumbuke pia kwamba boti ya kutoka kule husubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Ukimwambia mama “njoo kesho saa mbili” unamwambia asije. Mpe siku mbili tatu achague.

Pa kumpeleka ni hospitali ya kaunti, King Fahd, hapo hapo mjini. Nenda wewe mwenyewe kabla, uulize nani anashughulikia afya ya akili na yuko siku gani, na wakikosa mtu, rufaa yao inakwenda wapi. Liandike jina la idara na siku. Kwa maneno mengine, usisimame mbele ya darasa kusema “tafuteni msaada” kabla hujajua mlango wa huo msaada unafunguka saa ngapi. Watu wetu bado wanadhani ugonjwa wa akili maana yake ni Mathari, ile hospitali ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1910, na wazazi hutishia watoto watukutu kwa jina hilo. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeweka jukumu la huduma hizi kwenye kaunti pia. Nambari za bure ni 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Zibandike bwenini, si kwenye ubao wa matangazo mbele ya ofisi ambapo kila asomaye anaonekana.

Sasa vipindi vyako. Usiviache. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Yaani ndani ya Kidato cha Tatu wapo tayari, wewe ufundishe usifundishe. Hilo ndilo jibu la yule mama wa simu, ingawa nakuomba umsikilize, kwa sababu hakukosea lote. Ukimpa mtoto wa miaka kumi na sita orodha ya dalili, atajipima nayo kama kanzu, na itamkaa. Kila mmoja wetu kuna siku hakulala na siku hakutaka kuonana na mtu. Binti akikataa vyombo kwa sababu ya sonona, mwambie mama asigombane na hilo neno. Amuulize: ni kila siku? Ni wiki mbili mfululizo? Na mambo aliyokuwa akiyapenda nayo ameyaacha, au ni vyombo peke yake vinavyompa sonona?

Orodha za majina zifute. Mtahini hatakuja kuuliza tofauti ya baipola na sonona, na mwanafunzi akizijua hazimsaidii kitu saa sita usiku bwenini. Anachohitaji kukijua ni kutambua kwamba mwenzake amebadilika, la kumwambia, na nani wa kwenda kumwita. Hayo hayafundishwi ubaoni, hufanywa.

Na si mimi ninayesema. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa Ulaya, nchi 10, wanafunzi zaidi ya 11,000, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Walilinganisha njia kadhaa. Iliyofaa ni ile ya wanafunzi wenyewe kuigiza na kujadiliana hali ngumu za maisha yao, saa tano hivi zilizogawanywa katika wiki nne. Mwaka uliofuata waliojaribu kujiua miongoni mwao walikuwa karibu nusu ya wale wa shule ambazo hazikupata mafunzo hayo. Kuwafunza walimu peke yao wawe macho hakukuleta tofauti ya maana. Lakini pia nikwambie upande wa pili, usije ukadhani kila kinachoitwa somo la afya ya akili ni dawa: Uingereza walifundisha maelfu ya wanafunzi mbinu za kutuliza fikra, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha hayakuzidi masomo ya kawaida. Kuwafumbisha watoto macho na kuwaambia wavute pumzi si kitu cha kutegemea.

Kwa hiyo kipindi cha pili wape kisa. Cha mtu wa kubuni, mbali na bweni lenu. Msichana aliyekuwa mbele kwenye kasida za maulidi, sasa haji mazoezini. Chakula anawagawia wenzake. Husema kichwa chawaka, roho yambana, mwili mzito. Angalia maneno hayo vizuri. Kwetu hapa mtu hasemi “nina huzuni kubwa”. Husema moyo waenda mbio, husema tumbo, husema kichwa. Wanafunzi wako wanayasikia nyumbani kila siku na hawajawahi kuambiwa kwamba huenda ndiyo lugha ya huo ugonjwa. Waulize: mwamwambia nini? Wagawe wawili wawili waseme kwa sauti. Utasikia mengi ya “jikaze” na “soma dua utapoa” na “mbona wengine wana shida kuliko wewe”. Usiwakaripie. Muulize yule aliyekuwa akiigiza mgonjwa: uliposikia hivyo, ulitaka kuendelea kuzungumza au kunyamaza? Yeye ndiye atawafundisha. Kisha wajaribu tena na maneno mengine: “Nimekuona huli. Kuna nini? Twende wote kwa mwalimu, nitakaa nje nikungoje.” Lile la kungoja nje mpaka atoke ndilo linalomfanya mtu aende.

Kama kuna Waislamu na Wakristo darasani, na najua wapo, watoto wa Mpeketoni na Witu wako humo, usijenge somo lote juu ya dini moja. Lakini usiogope kuitumia pia. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakageuka meupe kwa huzuni, na hakuna aliyemwita mpungufu wa imani. Ukitaka mwanachuoni, yuko Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na ina tiba yake. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Asije mtu akakwambia mambo haya yameletwa na wazungu juzi. Na hao wa Mpeketoni na vijiji vyake, kuwa mwangalifu nao kwa jambo jingine. Tangu mashambulizi ya mwaka 2014 wako waliolelewa na hofu ya usiku, na waliozika. Usiwaombe wasimulie mbele ya wenzao. Akitaka kusimulia atakutafuta.

Kuhusu usiku wa bwenini. Kwa kadiri ulivyonieleza, mmoja aliugua au alikuwa na jambo zito, na wengine walibebwa na hofu yake. Hofu huambukiza mabwenini, hasa wakati wa mitihani, na hao wengine hawakuwa wakijifanya. Miguu kweli haikuwasimama. Likitokea tena, tenganisha, toa watazamaji, zungumza kwa sauti ya chini, mwite muuguzi. Wengi hupoa umati ukiondoka. Halafu yule wa kwanza ndiye wa kurudiwa. Katika barua yako umenieleza ustadh na maji na wazazi, lakini hukuniambia yule wa kwanza yuko wapi leo na nani amekaa naye akamuuliza kulikuwa na nini. Mtafute.

Na kijana wa “Skizo”. Hilo jina limetoka kwenye ubao wako, kwa hiyo kuliondoa ni kazi ya somo lako wala si ya mwalimu wa nidhamu. Usimtetee kwa kumtaja, utamwongezea. Zungumza naye pembeni kwanza. Nina hakika usiku hulala akijiuliza kama yatamfika yaliyomfika ami yake, kwa sababu kila mwenye mgonjwa kwao hujiuliza hivyo na hakuna anayemjibu. Wewe ni mwalimu wa Biolojia, mjibu kwa hesabu: hata mtu ambaye mzazi wake mwenyewe ana skizofrenia, uwezekano wake wa kuupata ni kama mmoja katika kumi. Tisa hawaupati. Kwa ami uwezekano ni mdogo zaidi ya huo. Mwambie pia kwamba bangi kwa kijana mwenye ugonjwa huo katika ukoo ni hatari kuliko kwa mwenzake, na hilo liwe moja la mambo anayoweza kuyashika mkononi mwake.

Kisha darasani, bila jina la mtu, sema juu ya wagonjwa wanaozunguka mjini. Wanafunzi wako wanawajua wote, na baadhi yao, wewe wajua na mimi najua, wamewahi kuwarushia maganda ya maembe. Waeleze kwamba mgonjwa wa akili hudhuriwa na watu mara nyingi zaidi kuliko anavyowadhuru. Waeleze kwamba wale wanaoonekana barabarani ni wachache. Wako wengi wanaotibiwa na wako kazini, dukani, baharini, wengine hudungwa sindano moja kwa mwezi na jirani hajui. Waeleze na dawa zinavyofanya kazi, kwa maana watarudi nyumbani kuwa wao ndio wasomi wa kuulizwa: dawa ya sonona haifanyi kazi siku ya tatu, huchukua wiki kadhaa, na mtu akijisikia nafuu akaitupa, ugonjwa hurudi. Familia nyingi hukata tamaa hapo katikati na kusema hospitali imeshindwa.

Swali la kujiua litaulizwa, jiandae. Usieleze njia, usisimulie kisa cha mtu wa mtaani, usiseme “alishindwa na maisha”. Kama kuna anayeogopa kusema kwa sababu ya polisi, mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kilichokuwa kikiwashtaki waliojaribu kujiua kuwa kinakiuka katiba. Hayo yanatosha, mengine ni ya ofisini.

Yule mama wa simu, na wengine wanaonong'ona, waite. Kikao kimoja cha wazazi, kifupi, na usikae mbele peke yako. Mkae watatu: wewe, muuguzi kutoka hospitali, na ustadh yuleyule aliyekuja usiku ule. Zungumza na ustadh kabla, nyumbani kwake, kwa heshima yake. Akisema mbele yao kwamba naye mgonjwa wa aina fulani humwambia nenda hospitali kwanza, mimi nakuhakikishia simu zitapungua.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na mkuu wa shule analiweza kwa kalamu tu. Umesema ni vipindi vinne lakini hukusema viko siku gani. Kama vimewekwa Ijumaa mchana, mwombe avihamishe Jumatatu au Jumanne. Mtoto aliyeguswa na somo Ijumaa anakwenda nalo nyumbani, au bwenini penye mwangalizi mmoja, na wewe hupatikani mpaka Jumatatu. Akiguswa Jumanne, Jumatano ofisi yako iko wazi. Na saa ya mapumziko siku hizo, kaa humo ofisini na mlango uwe nusu wazi, hata kama hakuna aliyesema atakuja.